Pembe, Nakshi na Nyanda za Juu za Buha

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambazo zamani zilikuwa himaya za Heru na Muhambwe chini ya watawala wa Kiha walioitwa mwami, hazina makumbusho ya sanaa ya Kiislamu wala misikiti ya kale ya mawe kama ule wa Kizimkazi, Unguja, ambao maandishi yake ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu yenye herufi za pembepembe, yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Hata hivyo, marafiki wa Kasulu wanaofunga safari pamoja hadi Unguja na kuingia Makumbusho ya Kasri, yaliyofunguliwa mwaka 1994 katika Beit al-Sahel, wanatazama utajiri ambao sehemu yake ilipita jirani na kwao.

Utajiri huo ulitokana kwa sehemu na pembe za ndovu, ambazo wafanyabiashara wa pwani walizivusha kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Ujiji, kisha wapagazi wakazichukua kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipowasili mwaka 1858, Ujiji tayari ilikuwa kituo cha waungwana, kama walivyojulikana Waislamu wa desturi za pwani. Sultani Barghash wa Unguja, aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuipamba kwa milango ya nakshi yenye aya za Kurani, alitawala dola iliyoneemeka kwa biashara hiyo pamoja na karafuu. Jengo lenyewe, lililokuja kuwa makumbusho, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020.

Kwa nini basi nakshi hizo hazikupanda Buha, nchi ya Waha? Jibu la haraka, kwamba Waha waliwakataa wageni, halitoshi. Watawala wa Buha walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa vitambaa na shanga, na mwaka 1871 Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu aliyekuwa akimtafuta mwenzake Livingstone, baada ya kulipa mara kadhaa, aliipita nchi hiyo usiku kwa kunyemelea. Misafara haikuwa na sababu ya kupanda milima yenye gharama kama hizo. Tena, heshima ya mwami ilionekana katika ngoma na ng'ombe, na ubugabire, yaani mkataba wa kukabidhiana ng'ombe kwa utumishi, uliwaunganisha watu bila kuhitaji mlango wa mvule.

Makumbusho ya Livingstone huko Ujiji yangeweza kuyaeleza haya, lakini sanamu za Wazungu hao wawili, Stanley na Livingstone, wakisalimiana zimewafunika waungwana waliowapokea.

Waha wengi waliiona pwani kwa njia nyingine wakati wa Waingereza, si kama watalii bali kama manamba, yaani vibarua wa mkataba waliopelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga.