Vita vya Burundi: Viti viligawanywa, mgogoro wa ardhi ukabaki

VITA vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi vilizuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi Oktoba 21, 1993, miezi mitatu tangu aapishwe. Inakadiriwa kuwa watu 300,000 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu walikimbilia Tanzania, hasa mkoani Kigoma.

Kisiasa, suluhu ilitafutwa jijini Arusha. Mwalimu Julius Nyerere aliongoza usuluhishi hadi alipofariki mwaka 1999, kisha Nelson Mandela akaupokea. Mkataba ulitiwa saini Agosti 28, 2000. Katiba ya 2005 iliwatengea Wahutu asilimia 60 ya viti vya Bunge na Watutsi 40, huku kabila moja likizuiwa kuzidi nusu ya jeshi.

Kijamii, ardhi ilibaki kuwa donda ndugu. Wakimbizi waliorejea, wakiwamo waliokimbia mauaji ya 1972, walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya kusuluhisha migogoro hiyo. Miongoni mwa wakimbizi wa 1972 waliochagua kutorejea, zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania.