Utagaji wa Msimu: Kodi wa Lofoten, Perege wa Kikwe

Baadhi ya kamusi za Kiingereza na Kiswahili humpa samaki wa bahari za baridi aitwaye "cod" jina la chewa, na tendo lake la kuzaliana hulipa kitenzi kutaga. Jina linapotosha. Kitenzi kinafaa, ila kinahitaji kuwekewa mipaka, maana ndani yake mmejificha matukio manne ambayo mvuvi, mfugaji na mtunga sheria hawana budi kuyatofautisha.

Tuanze na kitenzi. Kwa mkazi wa Kikwe, huku chini ya Mlima Meru, anayetaga ni kuku: yai hutoka likiwa na ganda, na kazi ya jogoo ilikwisha kabla ya hapo. Samaki wengi hawako hivyo. Jike humwaga mayai laini majini, dume humwaga manii papo hapo, na yai hurutubishwa nje ya mwili. Kwa hiyo katika elimu ya samaki, utagaji ni tendo la wawili: jike na dume kutoa mayai na manii kwa wakati mmoja. Kabla yake kuna upevukaji, yaani mayai kukomaa tumboni. Baada yake huja kuatamia, kwa wale wanaoatamia, kisha kuangua. Kuzaliana ni neno pana linalokusanya yote hayo. Mazalia ni mahali: mwamba, mkondo wa mto au ukingo wa bwawa ambako utagaji hufanyika.

Sasa jina. Chewa wa pwani yetu ni samaki wa miamba ya matumbawe na maji ya joto. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wanapokua. Baadhi ya chewa wakubwa hutaga kwa makundi wakifuata mwezi: huko Shelisheli, kati ya Novemba na Februari, hukusanyika kwenye mwamba uleule karibu na mwezi mwandamo. Yule wa Kaskazini, ambaye wataalamu humwita Gadus morhua, hageuki jinsia na ni wa ukoo mwingine kabisa. Mwenye kusoma kwamba "chewa hutaga Machi kwenye maji ya nyuzi 5" atadhani ni yule anayemwona sokoni Tanga. Hapa tumwite kodi, kwa kufuata matamshi. Muktadha utamtenganisha na ile ya nyumba.

Kodi ndiye anayeonyesha vizuri maana ya neno msimu. Kila mwaka kodi waliokomaa huondoka Bahari ya Barents na kusafiri mamia ya kilomita hadi visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei. Hufika kuanzia Januari, na utagaji hupamba moto Machi na mwanzoni mwa Aprili. Dume huita kwa kutoa mivumo kwa kibofu chake cha hewa. Jike mmoja mkubwa anaweza kutoa mayai milioni kadhaa, wala hayamwagi kwa siku moja. Huyatoa kwa mafungu katika muda wa wiki kadhaa. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Norwei, Georg Ossian Sars, aligundua hukohuko Lofoten kwamba mayai hayo hayakai chini kwenye mchanga bali huelea. Huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu, na mikondo huwachukua vifaranga kuelekea kaskazini.

Kwa nini Machi? Kwa sababu ya chakula. Kifaranga cha kodi huanguliwa kikiwa na akiba ndogo ya kiini cha yai. Ikiisha, lazima kikute wadudu wadogo wa majini ambao huongezeka jua la masika ya kule linapochochea mimea midogo ya bahari. Mwaka 1914 Johan Hjort alieleza kwamba wingi au uhaba wa samaki wa miaka ijayo huamuliwa sana katika siku hizo za mwanzo. Baadaye Mwingereza David Cushing aliliweka wazo hilo kama suala la miadi: vifaranga na chakula chao wakifika pamoja, kizazi hunusurika, wakipishana, mayai mamilioni hupotea bure. Msimu wa kutaga, basi, umepangwa kwa ajili ya mahitaji ya kifaranga kuliko raha ya mzazi.

Tukirudi Kikwe, perege na sato wa mabwawani wana hesabu tofauti. Dume huchimba kiota chini ya bwawa, jike hutaga humo mayai mamia, pengine kufikia elfu moja au mbili. Mara yakirutubishwa, jike huyakusanya na kuyaatamia mdomoni hadi yaanguliwe, na vifaranga hubaki kinywani kwa siku kadhaa zaidi. Kodi hubahatisha kwa wingi wa mayai. Perege huwekeza katika ulinzi. Hawa hawahitaji kusubiri mwezi fulani wa mwaka. Kinachowaongoza ni joto la maji. Maji yakiwa ya vuguvugu, jike mmoja anaweza kurudia kutaga kila baada ya wiki chache. Yakishuka hadi karibu nyuzi 20, hupunguza au huacha. Ndiyo maana baridi ya Juni hadi Agosti katika ukanda wa Meru huwakwamisha wenye mabwawa wanaotegemea vifaranga vya nyumbani, na miezi ya joto huwaletea balaa la pili: bwawa hujaa vifaranga, chakula hakitoshi, samaki wote hudumaa. Wafugaji wengi husema tu kwamba samaki "wamezaa". Neno hilo linatosha kwa mazungumzo, lakini halimwambii mtu kama atafute jike mwenye mayai mdomoni au viota chini ya maji.

Maji ya upande huu wa mlima huishia Mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na hatimaye Mto Pangani. Katika bonde hilo yumo perege wa asili anayebeba jina la Ziwa Jipe, Oreochromis jipe, aliye hatarini kutoweka. Sato wa kufugwa akitoroka na mafuriko na kukuta mazalia yaleyale, spishi hizo mbili zinaweza kutaga pamoja na kuzaa machotara. Hapo suala la mahali na wakati wa kutaga linakuwa suala la kupotea kwa mbegu.

Samaki wetu wa bara anayemkaribia kodi kwa safari zake ni ningu wa Ziwa Viktoria. Mvua zinapojaza mito, ningu hupanda kwenda kutaga kwenye maji ya mafuriko. Nyavu za nailoni zilipowekwa kwenye midomo ya mito katikati ya karne ya 20, zilimnasa akiwa amejaa mayai, na uvuvi wake ukaporomoka. Kanada nao walivua kodi kupita kiasi, hata kwenye makundi ya kutaga, na tarehe 2 Julai 1992 serikali yao ikasimamisha uvuvi wa kodi wa Newfoundland; watu wapatao 30,000 walipoteza kazi.

Ndipo istilahi inapogusa sheria. Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilifunga wakati. Anayekataza nyavu mdomoni mwa mto hufunga mahali, yaani mazalia. Norwei imekuwa ikivua kodi katikati ya msimu wa kutaga kwa karne nyingi, ila leo huweka kikomo cha kiasi. Tangazo likisema tu "kipindi cha kuzaliana", mvuvi hajui analinda lipi kati ya hayo. Kwa hiyo napendekeza maana zifuatazo: utagaji ni tendo la kutoa mayai na manii majini, msimu wa kutaga ni kipindi ambacho sehemu kubwa ya samaki wa spishi moja hufanya tendo hilo, mazalia ni mahali linapofanyika. Kuzaliana kubaki neno la jumla, lisitumike pale sheria inapotaka tarehe au ramani.