Habari za Ndege Wageni wa Ziwa Letu

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza na watu wa Bukoba wanapongoja senene, ufuo wa Rubafu hupata wageni. Mbayuwayu huruka juu ya migomba, vitwitwi hukimbia penye matope wakidonoa, na membe huenda huku na huku juu ya ziwa wakiwinda vidudu vitokavyo majini kama moshi. Hukaa nasi hata mwezi wa Machi au Aprili, kisha wengi wao hawaonekani tena. Watoto wa shule hutuuliza: Wametoka wapi, nao wamekwenda wapi? Swali hili ni la kale, na jibu lake lilikawia zaidi ya miaka elfu mbili. Twataka kueleza jinsi lilivyopatikana, kwa maana ndani yake mna neno lituhusulo sisi wakaao ufuoni.

Wasomaji wetu wakumbuka kwamba nabii Yeremia alimtaja korongo pamoja na mbayuwayu kuwa ndege wajuao majira yao. Watu wa kale waliona wazi kwamba ndege huondoka na kurudi. Lakini waendako hawakukujua. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alidhani ya kuwa mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Swideni, aliandika kwamba mbayuwayu huzama ziwani, na wavuvi huwatoa kwa nyavu zao. Baadaye Mwingereza mmoja, Charles Morton, alifikiri kwamba ndege huenda mwezini. Tusiwacheke. Kila mmoja alisema kwa kadiri ya alivyoona kwao, wala hakuwako mtu wa kumpasha habari za upande wa pili.

Habari za upande wa pili zilifika kwa njia ya ajabu. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mti umepenya shingoni. Wataalamu walipoutazama waliona kuwa ni silaha ya Kiafrika. Ndege yule alikuwa amechomwa Afrika, asife, akaruka na mti wake shingoni hata Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock hata leo. Hivyo ushahidi huu mkubwa ulitoka mkononi mwa mwindaji wa Kiafrika, ambaye jina lake halikuandikwa popote, wala yeye mwenyewe hakupata kujua kazi aliyoifanya.

Baada ya hayo wataalamu wengi walikusanya ndege kwa bunduki. Mmoja wao ajulikana sana kwetu, naye ni Emin Pasha, mganga aliyezaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer. Alikuwa liwali wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani; kisha akatumikia Wajerumani, na mwezi wa Novemba 1890 akaanzisha boma la Bukoba. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini hakuacha kukusanya ndege katika safari zake zote, na ngozi zao zilipelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1892 aliuawa katika nchi ya Kongo. Kazi yake ilisaidia sana watu kujua ni ndege gani wako huku. Walakini ngozi ya ndege hueleza mahali alipofia tu. Haiwezi kueleza alikozaliwa.

Aliyefungua mlango alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg katika Denmark, alijaribu kwanza kuwatia ndege pete za zinki, akaona ni nzito. Mwaka 1899 akatengeneza pete za alumini, akaziandika namba na anwani, akawavika kwezi 165 miguuni, kisha akawaachilia. Mwaka 1903 kazi kama hiyo ikaanza Rossitten, ufuoni mwa bahari ya Baltiki, katika kituo kilichoanzishwa na Johannes Thienemann mwaka 1901. Tena, mwezi wa Mei 1911, wakili John Masefield alimvika pete mbayuwayu katika Staffordshire, Uingereza. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini. Mtu wa huko akaiona pete, akaandika barua. Kama barua ile isingaliandikwa, pete ingalikuwa kipande cha bati tu.

Kwa barua za namna hiyo njia ikajulikana. Korongo weupe wa mashariki ya Ulaya hupita Uturuki na Sinai, hufuata bonde la Nili, na wengi wao hufika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hawapendi kuvuka bahari pana, kwa kuwa huelea juu ya hewa ya moto ipandayo kutoka nchi kavu. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Wala si baridi peke yake iwaondoayo ndege kwao. Wakati wa baridi wadudu hutoweka na maji huganda, lakini kwetu ni mvua, na chakula ni tele.

Pamoja na pete ilikuja kamera. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege ambacho picha zake zote zilipigwa kwa kamera porini. Ili ndege wasiwaogope, walitengeneza ng'ombe wa ngozi mwenye uwazi ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake. Katika nchi yetu Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa ghafula, akazitoa katika kitabu mwaka 1905. Tangu hapo watu walianza kuona kwamba mtu aweza kumchukua ndege nyumbani kwake bila kumwua.

Siku hizi ndege wa maji huhesabiwa kila Januari katika nchi nyingi. Tanzania ilifanya hesabu ya kwanza ya pamoja katika maziwa na mabwawa yake makubwa mwezi wa Januari 1995. Huko Uganda, ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, hupokea membe wageni zaidi ya milioni moja. Mwaka 2006 ghuba hiyo iliandikwa katika orodha ya mapatano ya Ramsar ya mwaka 1971 ya kulinda ardhi zenye maji. Na mwaka huo huo yaliandikwa mabwawa ya Sango Bay, visiwa vya Musambwa na mto Kagera, ambayo ni jirani zetu kabisa. Tanzania iliandika mahali 4 kati ya 2000 na 2004, lakini hakuna hata pamoja katika mkoa wa Kagera. Ndege hawaujui mpaka. Mafunjo ya upande huu ni chumba kimoja na mafunjo ya upande ule.

Tena iko hatari. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, nchini Kenya, upande wa pili wa ziwa hili hili, watu walitega ndege kwa sumu ya wadudu, wakawauza kwa kitoweo. Wengine waliokufa walikuwa wageni kutoka Ulaya. Mtu alaye nyama ile hula sumu, na mtoto wa Ulaya angojaye mbayuwayu au korongo wake hatajua kwa nini hakurudi.

Wasomaji, tangu mwanzo nusu ya habari hii ilikuwa mikononi mwa watu wa huku, nao hawakuulizwa. Leo hatuna haja ya kungoja kuulizwa. Walimu wa ufuoni na wawe na daftari shuleni: siku mbayuwayu wa kwanza alipofika, siku wa mwisho alipoondoka, na idadi ya membe walioonekana. Mvuvi akimkuta ndege mwenye pete amekufa, asiitupe. Anakili namba na maandishi yote, na tarehe, na mahali, kisha ampe mwalimu aipeleke habari kwa wenye pete. Kama ndege yu hai, asome namba akiweza, amwachilie. Na mwenye shamba penye mafunjo, kabla ya kuyachoma au kuyafyeka yote, afikiri kwanza ni nani alalaye humo kuanzia Oktoba hata Aprili, na alisafiri mwendo gani hata akafika.