Upangaji wa nyumba Kariakoo

'''Upangaji wa nyumba Kariakoo''' ni utaratibu wa kukodi chumba au nyumba ya kuishi katika eneo la Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Ilala, nchini Tanzania. Tangu mwanzo eneo hilo lilikuwa la wapangaji: mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Siku hizi biashara imechukua sehemu kubwa ya makazi hayo, na mpangaji anategemea zaidi mkataba wake kuliko sheria maalumu ya pango.

== Historia ==

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Kijerumani ilianza kupima viwanja vya Waafrika upande wa magharibi wa mji. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho, ''Carrier Corps'', likapatikana jina Kariakoo.

Wakati wa utawala wa Kiingereza mji uligawanywa katika kanda tatu. Kariakoo ilikuwa katika kanda ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliitenga na Uhindini. Wageni waliotoka mikoani kutafuta kazi bandarini, katika reli au majumbani walifikia kwa ndugu, kisha wakapanga chumba chao.

== Nyumba ya Kiswahili ==

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na umbo moja: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma. Jiko, choo na bafu vilikuwa uani na vilitumiwa na wote. Kila chumba kiliweza kuwa na familia yake.

Umbo hili lilifaa kwa upangaji, kwani mwenye nyumba hakuhitaji kujenga jengo lingine ili apate kodi. Kwa wajane na wazee, vyumba viwili au vitatu vya kupangisha vilikuwa njia ya kujikimu. Upande wa wapangaji, maisha ya ua mmoja yalitaka maelewano kuhusu zamu za usafi, maji na, baadaye, mchango wa umeme wa LUKU.

== Sheria ==

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa katika Shirika hilo. Nyumba za vyumba zenye thamani ndogo zilibaki mikononi mwa wenyewe.

Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba iliweka mipaka ya kupandisha kodi na kumfukuza mpangaji, na ikaunda mabaraza ya kusikiliza mashauri hayo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi hutegemea makubaliano ya pande mbili. Masharti ya jumla ya upangaji yamo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayoruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja kufanyika hata kwa mdomo. Hata hivyo, bila maandishi ni vigumu kwa mpangaji kuthibitisha alichoahidiwa.

== Utaratibu wa kupanga ==

Vyumba vingi hupatikana kupitia dalali, ambaye kwa kawaida hulipwa na mpangaji kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Ingawa kodi hutajwa kwa mwezi, wenye nyumba wengi hudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Desturi hii huwafungia mlango watu wanaopata kipato chao siku kwa siku. Kwa fremu za maduka huongezwa ''kilemba'', yaani malipo ya kuachiwa nafasi, ambayo hayahesabiwi kama kodi.

Mkataba mzuri hutaja majina ya pande zote, kiasi cha kodi, muda, anayegharimia matengenezo na urefu wa notisi. Mara nyingi husainiwa mbele ya mashahidi au katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mgogoro usiosuluhishwa huko hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

== Mabadiliko ya makazi ==

Baada ya biashara huria kuanza katika miaka ya 1980, thamani ya viwanja ilipanda. Nyumba nyingi za vyumba sita zilibomolewa na maghorofa kujengwa. Njia mojawapo ni ubia: mwenye kiwanja hutoa ardhi, mwekezaji hujenga, kisha hugawana ghorofa au mapato. Ghorofa za chini huwa fremu, na hata zile zilizokusudiwa kuwa makazi hugeuzwa stoo, kwa sababu mfanyabiashara hulipa zaidi ya familia. Mwenye kiwanja hubaki na sehemu yake, lakini mpangaji wa chumba hulazimika kuhamia mbali na kulipa nauli kila siku ili kurudi Kariakoo kufanya kazi.

Usalama wa majengo ni suala jingine. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20.