Bampa Liliacha Chuma, Nyundo Ikabaki

Ndugu msomaji, wewe unayepeleka nyanya gulioni kwa gari dogo, unayajua mawe yanayoachwa barabarani lori bovu likishaondoka. Umekanyaga moja, bampa limepasuka, fundi anataka hela. Kabla hujalipa, fahamu bampa hilo limetoka wapi.

Zamani lilikuwa chuma. Likibonyea, fundi alilifungua, akaligonga kwa nyundo, akalehemu palipochanika, basi. Mabadiliko yalionekana Marekani kwenye Pontiac GTO, toleo la mwaka 1968, yenye bampa la mbele linalobonyea kidogo na kurudi. Mwaka 1972 Renault 5 ya Ufaransa ikaja na mabampa ya plastiki. Wengine wakafuata: plastiki ni nyepesi, haishiki kutu.

Nyundo hapo haina kazi. Plastiki iliyobonyea tu hulainishwa kwa maji ya moto, ikasukumwa kutoka ndani. Iliyopasuka huunganishwa kwa kuyeyushwa, ila si zote. Angalia herufi upande wa ndani. Ukiona PP, hiyo huyeyuka na kushikana. Faiba haiyeyuki, inataka gundi yake na kitambaa cha nyuzi za kioo. Kushona kwa waya, mtindo tunaoupenda mno, hushikilia tu, ufa unabaki palepale. Na puti ya kawaida juu ya PP hubanduka mapema.

Mwambie fundi akuoneshe pia chuma kilicho nyuma ya bampa, kama gari lako linacho. Kikiwa kimepinda, anza na hicho.