Mwizi Alipoingia Mchezoni: Historia ya Nyongeza za Kanuni

Mwezi wa Januari mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kilitoka kisanduku chenye vijitabu vitatu. Kiliitwa Dungeons & Dragons, watungaji wake wakiwa Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za mwanzo zilikuwa 1,000, kila moja kwa dola 10. Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo usiohitaji ubao wala kete. Watu wachache huketi mezani. Mmoja huwa msimulizi wa ulimwengu wa kubuni, na kila mmoja wa waliosalia hujivika uhusika wa askari, mchawi au kasisi. Mchezaji hueleza atendalo mhusika wake, msimulizi hueleza litokealo, na penye shaka hurushwa dadu. Hakuna mshindi. Kibakiacho ni hadithi.

Mwishoni mwa kijitabu cha tatu watungaji walimwachia mnunuzi wasia. Maana yake ilikuwa kwamba palipopunguka kanuni ajiamulie mwenyewe, kwani hapana haja ya wao kumfanyia kazi ya kuwaza. Hata hivyo, mwaka uliofuata walimfanyia. Mwaka 1975 zilitoka nyongeza mbili, Greyhawk na Blackmoor, na mwaka 1976 zikafuata nyingine. Tangu siku hizo wapenzi wa michezo hii wanaulizana: ni nyongeza ipi inayostahili kuchapishwa?

Tuanze na Greyhawk, maana humo mna mfano mwema na mfano wa kutahadhari. Katika kanuni za awali, kisu na upanga mkubwa vilijeruhi kwa kadiri moja. Greyhawk ilizipa silaha madhara mbalimbali, na kwa hilo kila aliyeketi mezani alipata jambo jipya la kupima. Humo humo ndimo alimoingia mwizi. Wazo lake lilianzia kwa wachezaji wa California, Gygax akalipokea, akalitengeneza na kulichapisha. Mwizi alipewa uwezo wa kunyata, kujificha kivulini, kufungua kufuli na kutegua mitego, kila uwezo kwa kipimo chake. Watu walimpenda, na hadi leo hajatoka mchezoni.

Lakini tumtazame vizuri huyu mgeni. Kabla yake, yeyote aliyetaka kunyata alisema tu kuwa anavua viatu na kuambaa na ukuta, na msimulizi akapima busara ya kitendo hicho. Baada yake likazuka swali: ikiwa kunyata ni fani ya mwizi, askari naye anaweza? Ziko meza zilizojibu kuwa hawezi. Basi kanuni iliyokuja kumpa mmoja ikawapokonya wengine, wala hapakuwa na aliyekusudia hivyo.

Hali kadhalika nyongeza ya mwaka 1976, Gods, Demi-gods & Heroes. Kijitabu hicho kiliipa miungu ya Wagiriki, ya Wamisri na ya watu wa Skandinavia alama za uhai, kama wapewavyo mbwa mwitu na mazimwi. Katika dibaji, mhariri Tim Kask alitumai kwamba wasimulizi waliogawa nguvu na hazina bila kiasi wangeona upuuzi wao. Lakini chenye uhai wa kuhesabika huonekana kinaweza kuuawa. Kilichokuwa fumbo kikawa hesabu, na onyo likawa mwaliko.

Ipo pia nyongeza itokayo kwa dhiki ya duka. Mwaka 1985 kampuni ya TSR, wachapishaji wa mchezo huu, ilikuwa taabani kwa madeni. Ikatoa Unearthed Arcana, ambacho sehemu yake kubwa ilikusanywa kutoka makala za jarida lake, Dragon. Kiliwaongezea askari ustadi wa silaha na kuleta aina mpya za wahusika wenye nguvu. Kitabu kiliuzwa, ila mezani mwenye nacho akamzidi asiye nacho.

Si haki, hata hivyo, kulaumu kila nyongeza. Mwaka 1991 kampuni hiyo hiyo ilitoa Dark Sun, ulimwengu wa jangwa ambamo maji na chuma ni adimu, na uchawi hunyonya uhai wa mimea hata ardhi ikawa majivu. Kanuni zake zilibadili uzito wa mambo ya kawaida: kiriba cha maji kikawa mali, na uchawi ukaweza kuwa na gharama kwa nchi nzima. Kasoro ilikuwa katika wingi. Malimwengu yalizidi, wanunuzi wakagawanyika, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za kampuni kuanguka hata ikanunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997.

Wenye mchezo wa leo wameonekana kujifunza. Baada ya toleo la tano la mwaka 2014, nyongeza kubwa ya kwanza ya kanuni za wachezaji wote, Xanathar's Guide to Everything, ilitoka mwaka 2017, na mengi yaliyomo yalikwisha kujaribiwa hadharani na wachezaji wenyewe.

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tuna kipimo chetu katika shauri hili. Atungaye bahari mpya huongeza nyumba katika mtaa. Utenzi haubomoki kwa sababu yake, wala mtunzi wa tathlitha hanyimwi kalamu. Nyongeza ya mchezo nayo ipimwe hivyo. Ilete ulimwengu, hatari au gharama ambayo meza isingeibuni kwa wepesi. Iwezekane kuiacha bila mchezo kuharibika. Na kabla haijapigwa chapa, mtungaji ajiulize ni jambo gani ambalo jana kila mtu aliweza kulitenda kwa kulisema tu, na kesho atahitaji ruhusa ya kitabu. Akiliona, na alifute, hata kama ndilo litakalouza.