Udhurikaji, Wala Si Udhaifu

"Mwanangu, huo udhaifu ni wetu au ni wa bahari?"

Aliyeuliza ni bibi mmoja wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, siku tulipotandaziwa ramani iliyochorwa kutokana na picha za setilaiti. Juu yake pameandikwa kwa herufi nono: RAMANI YA UDHAIFU WA MJI. Mtaa wake wa Jangwani umepakwa nyekundu, na ufunguo wa ramani unasema nyekundu ni "udhaifu mkubwa". Bibi yule nyumba yake kaijenga kwa pesa za maandazi, na kizingiti kakipandisha mara mbili baada ya mafuriko. Leo anaambiwa ni dhaifu! Mtaalamu alikohoa, akapita kwenye slaidi nyingine.

Naandika kwa ajili ya swali lile, ingawa sikatai kwamba na mimi nina langu moyoni.

Dhana yenyewe haina ugomvi: mji wa pwani hupimwa umekaa vipi mbele ya hatari, ukiguswa utaumia kiasi gani, na una nini cha kujihami. Ugomvi ni jina. Dhaifu ni sifa ya kitu chenyewe, tena yenye aibu ndani yake. Mgonjwa huwa dhaifu; hadithi ya Mtume huwa dhaifu pale mapokezi yake yanapokuwa na kasoro. Beira ya Msumbiji ina kasoro gani, zaidi ya kukaa kwenye tambarare, Mto Pungwe unapoingia baharini?

Kuna bingwa mwingine, simtaji, anayetuuzia "uathirikaji". Athari asili yake ni alama, ule unyayo unaobaki mtu akishapita. Tena watu wameshazoea kumwita mwathirika yule ambaye janga limekwisha kumfika. Ramani yetu inazungumzia maji ambayo bado hayajabisha hodi.

Neno ni udhurikaji. Shina ni dhuru, ndugu wa dhara na madhara. Lakini hazina yake imo katika kile kiambishi kidogo -ik-, ambacho hatukukiazima kwa mtu. Mama anapomtuma mtoto na sahani husema, "Angalia, inavunjika!" Sahani bado nzima, na hakuna aliyeitukana kuwa dhaifu. Ikishaanguka ndipo tunaposema imevunjika. Mpaka wote kati ya hatari na hasara umebebwa na -na- na -me-.

Wapimaji wenyewe wanaishi kwenye mpaka huo bila kujua. Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, rada ya setilaiti ya Sentinel-1 ilipenya mawingu na kuonyesha maji yalivyotanda: hiyo ni picha ya mahali palipodhurika. Kumjua anayedhurika ni kazi nyingine, na huanza na ramani ya miinuko. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Lakini palipo na mapaa, rada ile husoma mapaa; mtaa uliobanana ukaonekana umeinuka kuliko ulivyo, nao ukahesabiwa uko salama. Na hata ukisahihisha kimo cha udongo, setilaiti huona bati la bibi; akiba yake ndani ya kopo haiioni.

Niliwahi kulipeleka neno hili mbele ya kamati moja. Nilipewa chai na vitumbua, nikaambiwa "limepokelewa". Mjumbe mmoja akadai linafanana mno na udhuru, wasomaji watachanganyikiwa. Subhanallah! Udhuru huanza na aini, ikafuata dhali; dhuru ni ya dhadi. Aliyepita chuoni hata mwaka mmoja anazitenganisha, ila hati ya Kilatini imezivisha zote kofia moja ya dh. Tena U ya udhuru imekuja nayo kutoka kwao, ilhali U ya udhurikaji ni yetu, ile ile ya utendaji na usomaji. Nilieleza haya kwa dakika ishirini. Katika muhtasari wa kikao pendekezo langu likaandikwa hivi: "Ramani ya Udhuru wa Mji".

Matumizi hayana taabu: udhurikaji mkubwa, wa wastani, mdogo, fahirisi ya udhurikaji, mtaa unaodhurika. Na wanaosema neno ni refu, hao hao ndio wanaoandika "uwezekano wa kuathirika kutokana na mabadiliko ya tabianchi" bila kupumua.

Baada ya kikao cha ramani nilimfuata bibi yule nje, nikamwambia: nyumba yako si dhaifu, mama, ila hapo ilipo inadhurika. Akatazama upande wa mto. "Hilo nalijua," akasema. "Sasa mbona hawakuandika hivyo?"

Nakala ya muhtasari wa kamati ninayo mimi. Udhuru wanao wao.